Ndago za Kipande Namba Kumi na Nne

Kipande namba kumi na nne kilikuwa kimelala miaka mitatu. Mzee fundi viatu aliyekilima alikufa, wanawe hawakukitaka, majani yakapanda mpaka kiunoni, na watu wakaanza kutupa humo magodoro, sinki lililopasuka na mlango wa friji. Lakini kilibaki mali ya wafanyakazi, na hili lisemwe mapema, maana wako wanaopenda tusahau. Vile vipande ishirini nyuma ya kiwanda cha sare halmashauri haikuvitoa sadaka. Wanawake wa kiwandani walivikalia. Walikaa siku saba mbele ya geti la halmashauri, watoto mgongoni, wakamwagiwa maji ya zimamoto, wakakauka, wakakaa tena. Siku ya nane bwana mkubwa mmoja akashuka ngazi akatia sahihi. Leo picha yake iko ukutani pale ofisini, ati ndiye mwanzilishi wa bustani.

Mmoja wa wanawake wale alikuwa Rula. Jina hilo alilipata kwenye meza ya kukatia vitambaa, kwa kuwa hakuwahi kukata kwa kukisia hata siku moja. Bustanini alikuwa vilevile: alipanda kwa kamba, kila mche kiganja kimoja na nusu kutoka kwa mwenzake. Kipande chake kilikuwa namba kumi na tatu. Kwa miaka kumi na miwili alikilima peke yake, huku mumewe, fundi baiskeli, akisema mgongo wake umeumbiwa kuinamia spoku, si matuta.

Sasa cha jirani kikapata mwenyewe, na mwenyewe akawa wifi yake.

Wifi huyu, mdogo wa mumewe, alikuwa muuguzi. Ndoa ilimvunjikia, akaja kwa kaka yake na mabegi mawili, akawa analala sebuleni kwenye kochi. Rula alimpokea vizuri, tena ni yeye aliyemwandikisha kwenye orodha ya wanaosubiri vipande. Jina lilipoitwa, wifi alilia. Alisema ni kitu cha kwanza chenye jina lake peke yake tangu aolewe. Hilo halikumuuma Rula. Kilichomuuma ni Jumatatu iliyofuata, alipotoka kazini saa kumi akamkuta mumewe, yule wa mgongo wa spoku, kavua shati, kashika jembe, anafyeka majani ya dada yake.

"Mgongo umepona?" aliuliza juu ya uzio.

"Ni kazi ya siku mbili tu, mwenzangu. Magodoro haya yatamshinda."

Siku mbili zikawa wiki. Karakana ya baiskeli, ambayo haikuwahi kufungwa kabla ya giza hata Rula alipolazwa kwa homa, sasa ilifungwa saa tisa na nusu. Kaka na dada walibeba magodoro kwa toroli. Walitaniana habari za utotoni ambazo Rula hakuwamo, mambo ya mbuzi fulani na shangazi fulani, na kila alipouliza waliambiana, "Hawezi kuelewa, ilibidi awepo." Rula alirudi kwenye mistari yake iliyonyooka. Aliipenda mistari ile. Siku zile ilimtazama kama watoto wa shule waliopangwa kukaguliwa.

Magodoro yalipokwisha, chini yake pakatokea ndago.

Asiyelima haijui ndago. Juu ni kijani chembamba, kinyoofu, hata kinapendeza. Chini ina viazi vidogo vyeusi, vimeungana kama shanga kwenye uzi, na hapo ndipo ulipo ubaya wake. Ukiipiga jembe, uzi unakatika, na kila shanga iliyolala inaamka kuanzisha ukoo wake. Ndago haikatwi. Unaifungulia udongo kwa uma wa bustani, unapiga magoti, unautoa uzi mzima, kisha unachekecha. Rula alikuwa amewafundisha wapya wawili mwaka uliopita. Sentensi mbili zilitosha.

Alisimama kwenye uzio akiwaangalia wakikatakata kwa jembe. Mumewe alikuwa ametanua kifua kama kijana anayeposa. Wifi akapaza sauti, "Wifi, tunakwenda sawa?"

Rula alifungua mdomo. Ndipo akaona mkono wa mumewe unamfuta dada yake tope shavuni.

"Mnakwenda sawa," alisema.

Mtu anaweza kudanganya kwa maneno mawili akalala usingizi. Rula hakulala vizuri, lakini kesho yake hakusema, wala kesho kutwa. Alijiambia kila mtu hujifunza kwa makosa. Alijiambia pia kwamba wao ni wawili, yeye alikuwa peke yake. Aliyazungusha hayo kichwani huku anakata makoti ya walinzi, na kwa mara ya kwanza katika miaka yake ya kazi akaharibu mkono mmoja wa koti.

Masharti ya bustani yalikuwa haya: mpya hupewa wiki sita. Kisha bwana shamba wa halmashauri hupita, na robo ya kipande ikiwa ni magugu, kipande kinarudi ofisini. Zamani kilichorudi kiligawiwa mwingine. Siku hizi kilichorudi hakionekani tena. Namba moja hadi sita zimemwagiwa lami, na magari ya wakubwa yanaegeshwa palipokuwa na nyanya za watu.

Wifi alipanda mbegu za vitunguu. Mvua ikanyesha siku mbili. Siku ya tatu alimwita Rula kwa furaha, akimvuta mkono kama mtoto, amwonyeshe. Udongo wote ulikuwa umejaa vijani vyembamba, vinyoofu, vimesongamana kama nywele.

"Vitunguu vyangu, wifi. Vyote vimeota, hata pale ambapo sikupanda."

Kaka mtu alikuwa pembeni na ndoo, anavimwagilia. Rula aliinama, akakigusa kimoja, akakizungusha kati ya vidole. Shina la ndago lina pembe tatu, hata kipofu hulijua. Akainuka. Akasema hongera. Walivimwagilia vile vitu siku kumi na moja, asubuhi na jioni, wakavitilia na mbolea. Nyumbani, mezani, mumewe alieleza watakavyovuna, watakavyovisuka mafungu na kuvitundika jikoni, na wifi akimsahihisha kwa upole, nao wakacheka, na Rula akatafuna chakula kisichokuwa na ladha.

Ukaguzi ulipobaki siku saba, bwana shamba alipita kabla ya wakati, akijifanya anakwenda bombani. Alikuwa mtu mnene wa maneno laini, viatu safi mno kwa kazi yake. Alikiangalia kipande cha kumi na nne, wakati huo hakina mtu, kisha akamsogelea Rula kwenye uzio. Alisema kwa sauti ndogo kwamba kazi imekwisha hapa, kwamba hiki nacho kitakuwa cha halmashauri, na kikishapatikana hiki mchoro wa maegesho utaungana vizuri mpaka barabarani.

"Wewe ni mzoefu, mama," alimalizia. "Uliona na ukanyamaza. Tukipata watu kama wewe watano humu, tumemaliza kazi."

Akamkonyeza.

Rula alibaki ameshika uzio. Alikumbuka maji ya zimamoto yalivyokuwa baridi. Alimkumbuka jirani yake wa siku zile, mwanamke aliyekuwa na mimba ya miezi minane, aliyesema hatainuka mpaka ainuliwe na malaika. Miaka yote hii alikuwa akijisemea kwamba halmashauri haina mtu wake hata mmoja bustanini. Kumbe inaye, na mtu huyo ana kipande namba kumi na tatu.

Jioni ile aliwasubiri wote wawili wafike. Hakuzunguka.

"Hivyo si vitunguu. Ni ndago. Jembe ndilo lililozizalisha. Nilijua tangu siku ya kwanza."

Wifi aling'oa kijani kimoja, akakutana na kile kiazi cheusi, akakitazama kama anavyotazama kidonda kilichooza chini ya bandeji safi. Mume wa Rula ndiye aliyesema.

"Tangu siku ya kwanza?"

"Ndiyo."

"Na mimi nabeba maji."

"Ulikuwa unambebea yeye," Rula alisema. "Mimi miaka kumi na miwili hukunibebea hata kikombe."

Mumewe aliiweka ndoo chini taratibu. "Mwaka ule wa kwanza nilikuja. Nilikupandia mstari wa kabichi. Kesho yake nikakuta umeung'oa wote na kuupanda upya, na wenzako wa kiwandani wanacheka."

"Ulikuwa umepinda."

"Ulikuwa umepinda. Lakini niliupanda mimi."

Wifi aliwaambia, kama anavyowaambia jamaa wa wagonjwa wanaogombana kitandani, kwamba hayo wayapeleke nyumbani. Yeye ana siku saba. Akamgeukia Rula. "Mimi na wewe tutaongea, wifi, na hutayapenda nitakayosema. Kwa sasa nionyeshe inavyotolewa."

Rula akaleta uma zake mbili za bustani na chekeche. Walipiga magoti siku sita. Rula aliomba ruhusa ya nusu siku kiwandani, akakatwa ujira. Mumewe alikuja kila siku, lakini alichagua kona ya mbali na mkewe, na kilichohitaji kusemwa alikisema kupitia kwa dada yake: mwambie apitishe chekeche. Rula alimwona akimfunga dada yake kitambaa kiganjani palipochubuka, na ule mwiba wa wivu ukamchoma palepale ulipozoea. Aliendelea kutoa nyuzi. Walijaza magunia tisa.

Bwana shamba alipofika siku ya saba alikuta udongo mtupu, mweusi, umepigwa reki. Alipima kwa hatua, akapima tena, akachimba kwa ncha ya kiatu akachafua kiatu. Alimtazama Rula, na Rula hakuinamisha macho. Robo haikufika, hata nusu ya robo. Alitia sahihi huku anahema, kipande kikabaki kwa muuguzi.

Wifi alikunja ile karatasi akaitia kifuani, akaenda kazini zamu ya mchana bila kuaga. Wakabaki wawili. Mumewe alikuwa anakusanya magunia.

"Utanisamehe?" Rula aliuliza.

Mumewe alifikiri, maana hakuwa mtu wa kusema kitu asichokuwa nacho. "Nitakusamehe. Lakini si leo. Leo nimechoka."

"Kesho basi."

"Sikusema kesho," alisema, akainua gunia la kwanza.