Sauti Isiyofungwa Kufuli

Milembe alipouza mpunga wake akaenda Bariadi kununua kikamera cha mkononi, nusu ya ukoo ilimcheka. Mtu ana baba mgonjwa, ananunua kidude cha kurekodi! Waliocheka hawakuwa wakimgeuza mgonjwa kitandani wala kumnywesha uji, kwa hiyo aliwaacha. Kucheka ni bure.

Baba yake, mzee Ndalahwa, alikuwa manju, mwimbaji wa mbele wa wachezaji wa Bagalu. Siku za mashindano wapinzani wao, Bagika, hucheza upande ule na Bagalu upande huu, na mwamuzi ni umati: anayevuta watu wengi ndiye mshindi. Ndalahwa alipofungua kinywa, upande wa pili walibaki na ngoma zao na mbwa wawili watatu. Lakini hakukubali kurekodiwa hata siku moja. Watu wa redio walikuja mpaka kijijini kwake Mkula, akawafukuza. Alisema wimbo ukishaingia kwenye mashine wapinzani wanauiba, na mwenyewe anabaki kama ng'ombe aliyekamuliwa mpaka damu.

Ndiyo maana wimbo alioutaka Milembe haukuwa popote duniani ila kifuani mwa yule mgonjwa. Mzee aliutunga siku binti yake alipozaliwa. Humo alimtaja yeye, akamtaja mama yake ambaye sasa ni marehemu, kisha akawataja ng'ombe wa boma lao mmoja mmoja kwa rangi zao. Hakuuimba uwanjani. Milembe aliusikia utotoni tu, na sehemu kubwa ya maneno ilikuwa imeshamtoka.

Asubuhi moja mzee mwenyewe akamwita.

"Ng'wanone, mwanangu, kilete hicho kidude chako. Nisije nikaondoka na wimbo wako."

Akakaa kwenye kigoda, mgongo ukutani, akaimba huku Milembe akirekodi. Sauti ilikwaruza, ikakatika, ikarudi, lakini aliumaliza wote. Milembe akabonyeza kitufe cha pembetatu, kama fundi Mabula wa Bariadi alivyomfundisha, na mzee akajiona kwenye kioo kidogo. Alicheka mpaka akakohoa. Akataka arudishiwe mwanzo. Akataka tena, na safari hii Milembe akamwekea mwendo wa polepole, mdomo ukafunguka taratibu kama wa ng'ombe anayecheua.

"Kumbe nimezeeka hivi na hamniambii!"

Mabula alikuwa amemwambia pia kwamba video unayoipenda unaiwekea alama ya kufuli, na ukishafanya hivyo mashine haiwezi kuifuta. Milembe akabonyeza. Kikufuli kikatokea juu ya uso wa baba yake, na kicheko cha mzee kikaisha palepale.

"Toa hicho."

"Baba, hiyo ni picha tu."

"Na mimi hapo ni nini, si picha? Nimeona mamanju wakirogwa, wakifungwa sauti kwa kufuli, wanafika uwanjani hawatoi neno. Unataka nife nimefungwa? Toa!"

Utabishanaje na mtu anayehesabiwa pumzi? Milembe akakitoa kile kikufuli, akaahidi hatakirudisha.

Mzee Ndalahwa alifariki kabla mahindi hayajakauka. Josia, kaka yake Milembe, akaja kutoka Dar es Salaam na suti nyeusi na wenzake wa ofisini. Ugonjwa wote hakuja. Msiba una watu wa kukuona. Milembe alikuwa ndani, amekaa mkekani na wanawake kama ilivyo kwa binti wa marehemu, asingeweza kutoka kuzunguka uwanjani. Josia akainama mlangoni kuomba kikamera.

"Kaka, humo yumo baba, anaimba. Chunga sana."

"Dada, mashine kama hizi ndiyo kazi yangu kila siku. Hapotei mtu humu."

Akarekodi. Akarekodi masufuria, mashada, magari ya wageni na namba zake, hotuba zote, na yeye mwenyewe akitoa hotuba, kikamera kikiwa kimeshikwa na mwenzake. Kadi ikajaa, mashine ikaanza kuwakawaka. Maandishi yalikuwa ya Kiingereza na Josia alijua kuyasoma vizuri. Akachagua kurekodi kwa mzunguko, kadi ikijaa mashine inaanza upya. Akaendelea mpaka udongo ulipofunika jeneza.

Baada ya matanga ukoo ukakusanyika sebuleni, Josia akaunganisha kikamera na televisheni. Milembe alikaa mbele kabisa. Video ya kwanza ilikuwa gari jeupe likiegeshwa. Akachukua kikamera, akabonyeza mshale wa kurudi nyuma. Video haikurudi. Akabonyeza tena, na tena.

"Baba yuko wapi?"

"Nyuma ya hapo hakuna kitu," Josia akasema. "Ikijaa inafuta ya zamani kabisa, inaandika juu yake. Ndiyo kawaida yake."

"Na ya zamani kabisa ilikuwa nini, kaka?"

Josia akakuna kidevu. "Lakini si baba yumo? Jeneza limetoka vizuri sana."

Milembe alitamani kumpiga na kile kikamera usoni. Hakumpiga. Asubuhi akaondoka nacho kwenda Bariadi, kibandani kwa Mabula. Fundi alihangaika nacho mpaka mchana, kisha akamrudishia bila kumtazama. "Imeandikwa juu yake yote, dada. Ungeiwekea kufuli isingeguswa."

Aliporudi, sebule ilikuwa imejaa majirani waliotaka kuona mazishi. Josia akampokea kikamera, akakiunganisha, akabonyeza hapa na pale.

"Hii hotuba yangu lazima niifunge isije ikafutika," akasema.

Kikufuli kikatokea pembeni ya kioo. Josia wa kwenye televisheni akarekebisha tai, akatamka kwamba sauti ya mzee Ndalahwa haitazimika kamwe, na watu waliokaa chini wakapiga makofi.

Milembe akatoka nje, akasimama kwenye boma la ng'ombe. Akaanza kuimba kwa sauti ya chini. Akajitaja, akamtaja mama yake, akamtazama ng'ombe wa kwanza mlangoni, mweusi mwenye baka jeupe. Neno la baba yake la rangi ile halikuja.