Wali Chini ya Blanketi

Goti la Bwana Noh lilipogonga bakuli chini ya blanketi, mama aliacha kumimina chai.

Afisa huyo wa kodi alikuwa ametumwa kuangalia kama baba ana makazi kwetu, Busan. Bibi, kwa ukarimu wake, alipigapiga sakafu, ambayo kwetu hupashwa moto kwa chini, pale inapopata joto zaidi, akamwambia, "Kaa hapa, mwanangu, nje kuna baridi ya kuua." Mgeni hukalishwa penye joto. Na penye joto ndipo bibi alipoulaza wali wa baba kila siku, tangu baba alipohamishia kiwanda chake cha viatu Hai Phong, kule Vietnam.

Wiki hiyo baba alikuwa amempigia mama simu. "Mama Da-eun, toa kila kilicho changu humo ndani. Wakiona naishi hapo, watanitoza kodi ya yote niliyochuma huku. Hiyo nyumba itauzwa." Da-eun ni mimi. Mama alitoa ndara za baba mlangoni, wembe wake, koti lake, kijiko chake cha kulia, hata picha ya harusi. Nilimsaidia kubeba. Tuliamini tunamlinda.

Bwana Noh akainua kifuniko. Mvuke ukamtia ukungu kwenye miwani.

"Wa nani huu, bibi?"

"Wa mwanangu. Asije akalala na njaa ugenini."

"Mama," mama yangu akamwambia mkwewe, "si tulikwambia uondoe vitu vyake?"

"Mliniambia vitu. Wali nao ni kitu?"

Bwana Noh alirudisha kifuniko, akalivuta blanketi na kulifunika bakuli vizuri. "Hata mimi mama aliniwekea nilipokuwa jeshini," akasema. Kisha akatoa kalamu, akaandika. Nilimchukia zaidi kwa ule upole wake kuliko ambavyo ningemchukia kama angetufokea.

Ofisi ya kodi ikaamua kwamba mtu mwenye mke, mtoto, mama na wali wake wa kila siku Busan, basi anaishi Busan. Baba akaitwa ajitetee. Bibi alivaa nguo zake za sikukuu. Yeye alichoelewa ni kimoja tu, kwamba mwanawe anakuja.

Tulimkuta ofisini, amenenepa kidogo.

"Lile bakuli ni mazoea ya mzee," alimwambia Bwana Noh, bila kututazama. "Kwangu ni Hai Phong. Nina familia huko, na mtoto wa kiume ameanza shule. Kule naitwa Baba Minh." Akaweka picha mezani.

Bwana Noh aliitazama picha, akamtazama mama, akainamia karatasi zake. "Hilo linabadili mambo," akasema kwa sauti ya chini.

Wahenga walisema akufukuzaye hakwambii toka. Baba alituambia, tena mbele ya serikali, na serikali ikamwamini. Maisha yangu yote nilikuwa nimemwombea baba asiwe mwongo, na siku hiyo nilimwombea awe. Nyumba ilipona. Ninaishi humo mpaka leo, paa halivuji, na bado sina shukrani.

Bibi ndiye aliyeuliza, tulipokuwa tunasimama kuondoka.

"Huko yuko anayekuwekea wali?"

"Yuko, mama."

Bibi akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyetajiwa bei ya kabichi sokoni. Jioni alipika, akapakua mabakuli matatu, kisha akalikunja blanketi na kulitia kabatini.

Kuna jambo sijalisema. Kwetu wali hautupwi. Ule wa baba, aliowekewa miaka yote asije kuula, ulikuwa ukiliwa na mama kila asubuhi, kiporo kimekauka, naye kasimama jikoni peke yake. Alikuwa akisema anaupenda hivyo hivyo.

Kesho yake hapakuwa na kiporo. Bibi alipakua wali uliotoka jikoni sasa hivi, akauweka mezani mbele ya mama, akamshika bega akamkalisha.

"Kula, mwanangu," akasema. Siku zote alikuwa akimwita Mama Da-eun.

Mama aliula wote, polepole, na hakusema kama ulikuwa mtamu.