Mwenyekiti Asiogope

Tulimwita Mwenyekiti kwa ajili ya ndevu zake, na kwa tabia ya kukusimamisha njiani mpaka umpe kitu. Alikuwa beberu wa pili katika zizi letu hapa Kitanga, na malisho yalitosha beberu mmoja tu.

Tumeacha kuchoma shamba. Siku hizi mbuzi tunawahamisha kipande kwa kipande, nyuma yao tunapanda maharage katikati ya migomba, na udongo uliokuwa mgumu kama tofali sasa ukiuchimba unakuta nyungunyungu. Midomo ikizidi, mbuzi watabandua hata magome ya miti. Basi tukakubaliana Mwenyekiti aliwe.

"Mwambie mtoto amekwenda Kibondo kwa shangazi," alisema mama mkwe wangu, Epifania.

"Mama, mbuzi anakwenda kwa shangazi kufanya nini?"

"Kumsalimia!"

Binti yangu Ndayikeza, wa miaka sita, alikuwa mlangoni anatusikia. Ndiye aliyemnywesha Mwenyekiti maziwa kwa chupa mbuzi aliyemzaa alipokufa. Nikachuchumaa, nikamwambia ukweli. Akavuta kamasi.

"Ataogopa?"

"Hataogopa." Nilikuwa nimeshaahidi, na sikujua nitafanyaje.

Kwetu hata sisi Wakristo humwita Mwislamu achinje, ili majirani wote wale. Mzee Abdulrahmani alifika na pikipiki, mbiombio, kuna harusi Kasulu inamsubiri. Akamdaka Mwenyekiti mguu wa nyuma, akaanza kumburuta. Beberu alilia mpaka wenzake zizini wakaitikia. Ndayikeza akaziba masikio, akanitazama.

"Mzee wangu, samahani. Mwachie kwanza."

"Nimwachie? Mama Ndayikeza, au mnataka nimwimbie?"

"Anapenda kuimbiwa," alisema Ndayikeza.

Mzee alicheka, kisha akamwona mtoto machozi yanavyomtoka. Akaachia mguu.

"Haya. Hata dini yetu haitaki mnyama ateswe. Ni haraka zangu tu." Akaficha kisu ndani ya koti. "Harusi itangoja."

Ndayikeza akachuma majani ya viazi vitamu, akamwongoza Mwenyekiti nyuma ya migomba, mbali na wenzake, huku akimwimbia wimbo wa chekechea. Beberu akatulia, akatafuna. Mtoto alimsugua katikati ya pembe, akanikabidhi majani yaliyobaki, akakimbilia kwa bibi yake. Wimbo nikaumalizia mimi, kwa sauti yangu mbaya. Mzee akasema bismillahi polepole.

Jioni majirani walikuja na bakuli zao. Ndayikeza akaisukuma nyama pembeni.

"Nipe maharage."

"Wee! Nyama imeiva hivi, mwana wanje, mwanangu?" bibi akashangaa.

"Mwache, mama," nikasema, nikampakulia maharage.

"Aliogopa?" akaniuliza.

"Hapana. Alikuwa anatafuna. Jani lilikuwa bado mdomoni."

Akafikiri. Kisha akachukua kipande chake cha nyama, akakiweka kwenye sahani ya bibi yake.

"Kula, bibi. Lakini polepole."

Na Epifania, ambaye hula kama anafukuzwa, akakitafuna kipande kile taratibu, mpaka ugali wake ukapoa.