Klabu Haijamwachia Seth

Jumamosi ile mchana, Keziah Ormerod alikuwa amepiga magoti akisugua kizingiti cha mlango wake kwa jiwe, kama walivyofanya wanawake wote wa Ravenclough kila mwisho wa juma, alipomsikia mumewe akishuka kutoka kwenye jeneza sebuleni. Seth alikuwa amekufa Jumatano kwa pepopunda. Alitafuta viatu vyake vya kuchezea mpira chini ya kabati, akaketi, akaanza kufunga kamba.

"Unakwenda wapi?" Keziah akamuuliza.

"Mechi."

"Seth, wewe umekufa."

"Najua, mke wangu. Lakini miguu inaniwasha; hawajaniachia."

Hilo Keziah alilijua vizuri. Kwa sheria ya ligi, klabu ikishamsajili mchezaji, anakuwa mali yake mpaka itakapomwachia yenyewe. Mkataba unaweza kwisha, mshahara ukakatwa, na bado hakuna klabu nyingine inayoruhusiwa kumgusa. Seth, mfumaji wa kiwandani, alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza mjini kulipwa kwa kucheza mpira, winga mwenye mbio zilizolaaniwa na mabeki wa jimbo zima la Lancashire, Uingereza. Watu walimwonea gere. Alipoomba kuhamia klabu ya Blackshaw, ng'ambo ya kilima, klabu yake ilimkatalia, ikamwacha nje msimu mzima bila mechi wala mshahara. Njaa ikamrudisha amefyata mkia. Wakamchezesha na goti lililochanika, kwenye uwanja ambao siku za kazi mwenye bucha alilishia farasi wake. Pepopunda ilimwingilia hapo, jeraha lilipogusa samadi.

Mashabiki walimpokea kama kawaida. "Amka, marehemu!" walimzomea alipopoteza mpira, na alipofunga bao wakarusha kofia juu. Beki aliyekuwa akimkaba ndiye pekee aliyelalamika.

"Refa, huyu hapumui!"

"Sheria inataka awe amesajiliwa," refa akajibu. "Haisemi apumue. Cheza mpira, acha kulialia."

Jumapili wakamzika. Jumamosi iliyofuata akajifukua mwenyewe, akafika uwanjani kabla ya wenzake. Hali ikawa hiyo hiyo juma baada ya juma, hata mchimba kaburi akasema yeye ana mgongo mmoja tu, hafukii tena. Seth akarudishwa sebuleni. Keziah alimpangusa udongo masikioni kwa hasira. Mwanamume wake alikuwa amechoka akiwa hai, na sasa hata kufa walikuwa wamemnyima. Akavaa shali lake, akaenda kwa Bwana Haworth, mwenye kiwanda, ambaye pia alikuwa mwenyekiti wa klabu.

"Mwachieni, bwana mkubwa. Nataka kumzika tu."

"Mama, mumeo hajawahi kucheza vizuri namna hii," Haworth alisema, tena kwa upole wa kweli. "Hachoki, halewi, haombi nyongeza. Ungepaswa kujivunia."

Seth akacheza majira yote ya baridi. Mwezi wa nne goti likaachia kabisa, na mechi ya mwisho aliimaliza akiburuta mguu kwenye matope.

"Nenda kazikwe!" mashabiki walimpigia kelele, wale wale waliokuwa wakimrushia kofia.

Keziah, aliyekuwa pembeni ya uwanja, alilisikia neno hilo, na kwa mara ya kwanza akaona matumaini. Jumatatu asubuhi alirudi kwa Haworth.

"Hatutamchezesha tena," mwenyekiti akamwambia kabla hajaketi. "Hafai kitu."

"Basi mnamwachia."

"Tumwachie ili Blackshaw wamchukue?" Haworth akacheka. "Thubutu! Tunabaki naye."

Keziah alirudi nyumbani kwa miguu, polepole, akiwaitikia majirani waliomsalimu. Sebuleni Seth alikuwa amelala chali, akitazama dari.

"Wamesemaje?"

"Wamekuachia," Keziah alisema. Alikuwa hajawahi kumdanganya.

Seth akafumba macho. Akakunja mikono kifuani, akingoja kufa, kisha akayafumbua.

"Mbona miguu bado inaniwasha?"

Keziah alivuta kiti karibu na jeneza, akaipakata miguu ile ya baridi, akaanza kuikuna.