Ng'ombe Wanne wa Mwenyekiti

Jina la kijiji nalimeza, maana wajukuu wa watu hawa wapo na wengine wana vyeo. Tuseme tu ni upande wa chini wa Maretadu, mwaka wa sabini na sita, watu wamekwisha kubomoa nyumba zao za zamani kwa mikono yao wenyewe na kupangwa kwenye mistari kama mabenchi ya kanisani. Kornelia, mjane wa Margwe, alipewa kiwanja cha mwisho cha mstari wa tatu, mawe matupu. Alikuwa na mjukuu wa miezi saba, Bernadina, ambaye mama yake alifariki siku ya tatu baada ya kumzaa. Na alikuwa na ng'ombe watano. Watano kwa macho ya watu, lakini wake alikuwa mmoja tu.

Huyo mmoja aliitwa Madoa, na ndiye peke yake aliyekuwa na maziwa. Bernadina alikuwa anaishi kwa ng'ombe huyo, tusizungushe maneno. Maziwa ya kopo yalikuwa habari za mjini. Duka la kijiji lilikuwa na chumvi, viberiti na kalenda ya mwaka uliopita.

Wale wanne wengine walikuwa wa Hilary. Na Hilary ndiye mwenyekiti wa kijiji.

Hapo mgeni atashangaa, lakini mtu wa Mbulu hashangai. Kwetu mtu hakai na ng'ombe wake wote nyumbani kwake. Anampa huyu wawili, anampa yule watatu, wakae huko. Mtunzaji anakunywa maziwa, anapata samadi, na urafiki unakaa. Ugonjwa ukipita nyumba moja haukuachi mikono mitupu, na jirani mwenye kijicho hajui ahesabu nini. Ila kuna masharti. Mtunzaji hamtaji mwenye mali. Anayetaja ni mwenye ng'ombe mwenyewe, na akishatamka mbele ya wazee kuwa ng'ombe huyu ni wa fulani, basi ni wa fulani, hakuna kurudi nyuma. La pili ni zito zaidi. Ikija balaa, iwe simba, iwe wezi, iwe kodi ya mkoloni kama zamani, mtunzaji anatoa wa kwake kwanza. Wa mtu anaguswa mwisho.

Margwe aliwapokea wale wanne miaka miwili nyuma, Hilary alipoanza kupanda ngazi za uongozi. Kiongozi ilimpasa aonekane mtu wa jembe na kitabu, siyo mtu wa mifugo. Kwa hiyo aliwanunua mnadani Basotu, pesa zilitoka wapi hakuna aliyeuliza, akawapitisha kwenye ukungu wa asubuhi mpaka kwa Margwe. Walishikana mikono, wakanywa pombe ya asali kwenye kibuyu kimoja. Na Margwe alipokuwa anakufa alimvuta mkewe sikioni.

"Wale wanne si wetu," alisema. "Usimtaje mwenyewe hata wakuchome moto. Ukiwapoteza, utakuwa umenizika mara mbili."

Kornelia akaapa. Angefanya nini, mume wako anakata roho amekushika kitenge?

Sasa sikilizeni mambo ya Hilary. Siku moja aliitisha mkutano, akapanda juu ya kreti, suti yake ya Kaunda imenyooshwa mpaka inakata. Akasema ng'ombe anayelala nyumbani kwa mtu mmoja ni utajiri uliolala. Akasema kuna makabaila humu humu kijijini wanaojificha kwenye matambara, wana makundi ya ng'ombe na watoto wa wenzao hawana hata kijiko cha maziwa. Kwa hiyo kamati imepitisha: kila kaya itabaki na ng'ombe wanne. Watakaozidi wataingia zizi la kijiji. Bwana mifugo atakuja Alhamisi kuhesabu.

Watu walipiga makofi, wengine kwa kupenda, wengine kwa kuwa jirani kapiga. Kornelia alipiga pia. Mikono ilipiga, kichwa kikawa kinatoa watano, wanne. Anatoka mmoja. Akamtazama Hilary pale juu ya kreti, na Hilary alikuwa anatazama kila mahali isipokuwa upande wake.

Kesho yake, Kornelia akiwa anakamua, Hilary akaingia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Karibu."

Hakukaa. Alisimama akawatazama ng'ombe wake wanne mmoja mmoja: wa pembe moja, mitamba wawili, na yule mweusi mwenye mimba. Akauliza hali ya mtoto, akasema maskini, Mungu amsaidie. Halafu akasema, "Alhamisi utaulizwa wa kutoka. Nadhani marehemu alikuelekeza."

"Huyu ndiye maziwa ya mtoto, Hilary."

"Najua, mama. Inaniuma kweli."

"Basi utoe mmoja wako. Yule wa pembe moja ni mzee, hazai tena. Wewe ndiye uliyesema wanne. Kwa nini hukusema watano?"

Hilary akakohoa. Alisema kamati ndiyo iliyosema, yeye ni mtu mmoja tu kwenye kamati. Akasema, kwa sauti ya upole kabisa, kwamba wa kwake akitoka si atakuwa amepotea mikononi mwa mtunzaji, na mtunzaji si anajua namna ya kulipa? Atalipa kwa nani, kama si kwa Madoa? "Kwa hiyo ni mamoja tu, mama. Bora itoke kwa heshima." Alipofika mlangoni akageuka. "Na kile kiwanja chako chenye mawe, tutakiangalia."

Kornelia alibaki amechuchumaa, ziwa la Madoa liko mkononi na hakamui. Alikuwa na hasira mpaka meno yakamuuma. Alizungusha jambo lile siku nzima na kila upande ukuta. Aende kwa bwana mifugo aseme? Bwana mifugo ni kijana wa Bukoba, ataandika alichoambiwa na mwenyekiti. Na Margwe je? Watu watasema mke wa Margwe ana mdomo, na nyumba yenye mdomo hakuna atakayeipa hata kuku atunze, mpaka Bernadina azeeke. Amtoroshe Madoa? Ampeleke wapi, Bashay kwa ndugu zake? Huko nako wanahesabu. Akiuza ng'ombe, pesa ataifanyia nini? Shilingi mia nne huwezi kuzikamua. Jioni alimfunga mtoto mgongoni, akamwambia, "Wewe na mimi tumepatikana," akaenda kuteka maji kwa kuwa maji hayajileti.

Alhamisi ikafika. Bwana mifugo, jina lake Didas, aliweka meza uwanjani, daftari kubwa na kopo la rangi nyekundu. Alikuwa kijana msafi, mwenye adabu, anaipenda kazi yake. Pembeni yake Hilary na muhuri wa kijiji. Wazee saba waliketi kwenye gogo, mkubwa wao mzee Bura, ambaye alikwishakuwa mzee wakati wengine wanaanza kuota ndevu. Kijiji kizima kilisimama nyuma.

Kaya nyingi zilipita bila kelele, maana wengi hawakufika hata wanne. Kornelia akaitwa.

"Shikamoo, mama," alisema Didas. "Watano. Kwa hiyo mmoja anatoka. Yupi?"

Kornelia akanyoosha mkono. "Yule wa madoa."

Didas akamtazama Madoa, akamtazama mama, akacheka kidogo kwa wema. "Hapana, mama, umekosea. Huyu ndiye mwenye maziwa! Toa huyu wa pembe moja, amekwisha huyu, hata meno hana."

"Sijakosea."

"Mama, nakwambia kama mwanao. Kisheria unachagua mwenyewe. Na mgongoni una mtoto mchanga."

"Nimechagua. Andika."

Pale gogoni mzee Bura akavua kofia. Kisha wa pili akavua. Nyuma watu wakanyoosha shingo, maana hakuna asiyejua: mtu akimtoa wa maziwa akambakiza kikongwe, basi waliobaki wote si wake. Kornelia hakutaja mtu. Lakini kila mmoja pale alikwishaelewa, isipokuwa Didas. Wakaanza kutazamana usoni. Ng'ombe wanne wa kununuliwa, miaka hii, ni wa nani? Nani mwenye pesa hizo? Jicho moja likaenda kwenye suti ya Kaunda, na la pili likafuata.

Didas naye hakuwa mjinga, aliona kuna jambo. Akaweka kalamu chini. "Naomba nielezwe. Hawa wanne ni wa nani?"

Wazee wakatazama fimbo zao.

"Nauliza kwa sababu nikiandika uongo nitafungwa mimi. Ni wa nani?"

"Ni wake!" Hilary alidakia, jasho limemtoka. "Ni ng'ombe wa Kornelia, wote wanne. Mimi kama mwenyekiti nathibitisha. Andika, bwana mifugo, watu wana kazi."

Mzee Bura akageuza kichwa taratibu. "Umesemaje, mwanangu? Masikio yangu siku hizi."

"Ni wa Kornelia!" Hilary akapaza sauti. "Wa Kornelia, mzee! Nani asiyejua?"

"Ahaa," alisema Bura. "Tumesikia." Na wale sita wakaitikia, tumesikia. Hilary akapiga muhuri kwa nguvu mpaka meza ikatikisika, na Madoa akapakwa rangi nyekundu ubavuni akapelekwa.

Kornelia hakusikia la zaidi. Alikuwa anatazama mkia wa Madoa ukiishia nyuma ya ghala. Nyumbani alipika uji, akaulegeza, Bernadina akautema. Usiku kucha ni kilio, na asubuhi kilio, na mchana wa siku ya pili mtoto akaacha kulia, jambo lililomtisha bibi kuliko kilio chenyewe. Jirani mmoja alileta kikombe cha maziwa, jirani mwingine nusu. Kikombe cha kuombaomba kitamlea mtoto mpaka lini? Na yale maziwa ya Madoa, aliambiwa, kamati inayaonja kwanza, kisha yanagawanywa. Kornelia alilia kwa uchungu, tena kwa sauti, bila aibu.

Mzee Bura alimkuta hivyo. Alipita tu kama mtu anayetafuta mbuzi, akaegemea fimbo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mtoto vipi?"

"Anakwisha, mzee."

"Na ng'ombe unao wanne."

Kornelia akainua macho. Alitaka kukasirika. Mzee mzima anamkejeli?

"Nakuuliza wewe," alisema Bura. "Margwe alikuachia masharti, umeyatimiza mbele ya kijiji. Yamekwisha. Mwenye mali naye alikuwepo, au hakuwepo? Akaulizwa, akasema. Akaulizwa tena, akasema kwa kelele. Sisi saba tulikuwa tumekaa pale." Akakohoa. "Haya, mbuzi wangu kapita huku?"

Kornelia alifuta machozi. Halafu akafunga mtoto mgongoni, akamfunga kamba ng'ombe wa pembe moja, akaenda ofisini kwa hatua kubwa. Didas alikuwa bado yupo, anafunga mizigo yake aende Mbulu.

"Mwanangu, ulisema nimekosea."

"Nilisema, mama! Nilisema!"

"Nilikosea. Huyu wa pembe moja aingie zizini, Madoa atoke. Wanne watabaki wanne."

Didas alifurahi kama aliyepewa zawadi. Akafungua daftari, akakata jina, akaandika jingine, akaeleza kwamba hilo linaruhusiwa kabisa, mwenye mali ana haki ya kubadilisha kabla daftari halijapelekwa wilayani. "Inatakiwa muhuri tu. Mwenyekiti!"

Hilary akatoka chumba cha ndani. Aliona ng'ombe wake kwenye kamba. Aliona daftari. Akashika fremu ya mlango.

"Kuna tatizo, mwenyekiti?" aliuliza Didas. "Si ulithibitisha mwenyewe ni wa mama?"

"Hakuna tatizo," alisema Hilary. Akapiga muhuri. Safari hii haukutikisa meza.

Nje, Kornelia akiwa ameshika kamba ya Madoa, Hilary alimfuata akitazama huku na huku. "Mama," alinong'ona. "Na wale watatu?"

"Wapo."

"Unajua ni wa nani."

"Najua. Sitawauza, sitawachinja. Nenda kwa mzee Bura na wenzake, uwaambie Alhamisi ulidanganya. Kisha panda juu ya kreti lako ukiambie na kijiji. Siku hiyo hiyo nitakufungulia zizi."

Hilary akanyoosha suti yake. Alirudi ofisini.

Alikuwa mwenyekiti miaka tisa mingine, na kila mkutano alisema juu ya makabaila. Mara moja kwa mwezi alipita kukagua vyoo vya mstari wa tatu, akasimama kwa Kornelia muda mrefu kuliko choo kinavyohitaji, akitazama uani. Mitamba wakazaa, yule mweusi akazaa. Kila walipozidi wanne Kornelia alimwingiza mmoja wa wale wa Hilary kwenye zizi la kijiji, kwa mujibu wa uamuzi wa kamati, Madoa akabaki nyumbani na Bernadina akakua, na Hilary akapiga muhuri.