Shoka la Profesa na Mawe ya Bronka

Dada yangu Bronka alichimba shimo nyuma ya ghala letu la nyasi kavu, kwenye mteremko wa kaskazini, na shahada yake yote ilikuwa mle ndani. Siku hiyo Profesa Chowaniec alitoka Kraków kuja kupima mwenyewe. Akikubali, Bronka anahitimu. Akikataa, tasnifu inatupwa na dada anarudi kukamua kondoo pamoja nami, jambo ambalo hata kondoo hawakuliomba.

Bronka alidai kwamba zamani za barafu ardhi ya hapa iliganda ikawa ngumu kama mwamba. Kila kiangazi tabaka la juu liliyeyuka likawa uji, likateremka polepole na mawe yake. Mawe marefu yakibebwa hivyo hujipanga yakaelekea bondeni, kama kondoo wetu siku ya redyk, wanaposhushwa kutoka malishoni, pua ya huyu kwenye mkia wa yule. Lakini kama ni kifusi kilichomwagwa na watu, yangelala kila upande, kama wajomba zangu baada ya harusi.

"Kifusi," alisema Profesa kabla hajashuka shimoni.

"Pima kwanza, Profesa."

"Binti, kwenye ukuta wa shimo naona ncha za mawe tu. Na macho ya mtu anayetaka shahada huona anachokitaka. Mimi nasikiliza dira."

Profesa ni mtu wa milimani kama sisi, ila kwa kuwa ameishi mjini miaka mingi, akija kwetu huwa mtu wa milimani kutupita sisi. Kofia yenye unyoya, suruali ya sufu yenye nakshi, na ciupaga, ile fimbo yenye kichwa cha shoka ambayo babu zetu walitembea nayo na sisi tunawauzia watalii. Haikumtoka mkononi. Alifukua mawe ameikumbatia, akasoma dira ameiegemeza begani.

"Hili limeelekea mashariki. Hili kusini. Hili... sijui hata linakwenda wapi." Akajifuta matope. "Kila moja na njia yake. Kifusi. Pole, binti."

Bronka akawa mweupe kama jibini. Mimi nikiogopa hutania, sina dawa nyingine.

"Profesa, hiyo sindano imekupenda. Kila ukihama, inakugeukia."

"Sobek, funga mdomo!" Bronka akafoka. Akaitazama dira, akaitazama ciupaga. "Sema tena."

"Niseme au nifunge? Chagua moja."

Bronka aliichukua dira, akaiweka chini. "Profesa, tafadhali sogeza ciupaga yako kushoto."

Sindano ikaenda kushoto.

"Sasa kulia."

Ikaifuata kama mbwa aliyeona soseji. Profesa akawa mwekundu mpaka kwenye unyoya.

"Hiki ni chuma cha babu yangu," akasema.

"Ndiyo maana sindano inakiheshimu," nikasema. Safari hii hakuna aliyeninyamazisha.

Alinikabidhi ciupaga kama mtu anayekabidhi mtoto mchanga, nami nikaipeleka mbali, kwenye mti wa peasi. Akaanza upya. Jiwe la kwanza, bondeni. La pili, bondeni. Akavua kofia. Alichagua yaliyojificha zaidi, akayafukua kwa kucha, akitafuta hata moja lenye maoni tofauti. Akalipata, limekingama.

"Ahaa!"

"Hata kwenye redyk hakosekani kondoo mkaidi," Bronka akamjibu. "Endelea."

Akaendelea. Bondeni. Bondeni. Bondeni tena. Mwishowe akasimama, matope hadi magotini.

"Yameteremka."

"Yameteremkaje?" Bronka hakumwachia. Kwetu ukishinda unataka kusikia neno lote.

"Kama uji, binti! Kama uji juu ya ardhi iliyoganda! Umeridhika? Umehitimu!"

Bronka alipiga ukelele wa wachungaji, mlima wa pili ukamrudishia. Akatoka shimoni akashuka malishoni mbio, mikono wazi, kichwa mbele, moja kwa moja bondeni kama mawe yake. Mama akatoka ghalani akidhani nyumba inaungua.

"Kijana," Profesa akaniita, "lete ciupaga yangu."

"Mara moja, Profesa. Weka sahihi kwenye tasnifu kwanza."