Kofia ya Bachisio

Haya nilisimuliwa na mjukuu wangu Gonaria mwezi wa tisa, tulipokuwa tunaoka mikate ya wachungaji, yeye anaichana kila mmoja pande mbili nyembamba ingali moto, mimi naipanga.

Mumewe, Bachisio, ana ule ugonjwa wa mishipa ya fahamu ambao hapa Sardinia hakuna ukoo usioujua. Hujichoma sindano nyumbani, na miguu imetulia; kondoo wake anawakamua mwenyewe. Mara kwa mara hupimwa damu mjini. Mishipa ya fahamu ikiumia, vijipande vyake humeguka na kuingia kwenye damu. Vikiwa vichache, ndiyo kusema dawa inamlinda.

Mwezi wa sita vilikuwa vingi mno.

"Naona dawa imeshindwa," akasema daktari Efisia. "Itabidi tukupe ile kali, ya dripu. Kinga ya mwili itashuka, kwa hiyo zizini usikanyage."

Bachisio akainama, kofia imemfika kwenye nyusi. "Basi kondoo nimwachie binamu yangu," akasema.

Gonaria, aliyekaa kando yake pale kwa daktari, akamtazama. Tangu sikukuu ya mtakatifu wa kijiji, wiki mbili nyuma, mtu huyu alikuwa anakula na kofia, analala na kofia. Mama yake, Pasca, alimgombeza mezani mpaka akachoka.

"Vua kofia," Gonaria akasema.

"Mke wangu, si hapa."

"Vua, au nikuvue mimi!"

Akavua. Juu ya sikio palikuwa na jeraha lililoshonwa kwa uzi mnene.

"Nani kakushona hivi?" daktari akashangaa.

"Daktari wa mifugo."

"Ulifanyaje?"

"Mbio za farasi za mtakatifu. Nilizunguka kanisa mara mbili. Ya tatu farasi alizunguka peke yake." Akashusha sauti. "Nilimwapia mama sitapanda. Msimwambie."

Daktari alicheka mpaka akavua miwani. "Bachisio wee! Kichwa kikigongwa, vijipande hivyo hivyo huongezeka. Nusura nikubadilishie dawa kwa kosa la farasi! Tupige picha ya ubongo. Ikiwa safi, endelea na sindano zako, damu tutaipima tena baada ya miezi mitatu. Na ukae chini, si juu ya farasi!"

Picha ilikuwa safi. Miezi mitatu ikapita, damu ikapimwa: vijipande vimeshuka, vichache kama zamani. Bachisio aliimba njia nzima ya kurudi.

Mezani akavua kofia, akaungama kwa mama yake.

"Nilijua siku ile ile," Pasca akasema, anamkatia jibini. "Farasi alifika nyumbani kabla yako. Nilikuwa nangoja uivue mwenyewe. Mwakani utambebea mtakatifu mshumaa, nyuma ya farasi wote, kwa miguu."

"Kwa miguu, mama?"

"Si unayo?"

Wakacheka, wakamaliza mvinyo. Adhuhuri ile joto lilikuwa kali, kondoo wamejibanza kivulini. Pasca akasinzia kitini, Bachisio akajilaza kwenye mkeka, kichwa wazi. Gonaria alibaki kidogo akilitazama lile kovu, kisha naye usingizi ukamchukua.